Orodha Ndefu kwa Umri Mfupi

Swali ninalotaka kulitazama si geni katika vitabu vya wanazuoni, ingawa safari hii limekuja kwa mlango ambao wao hawakuuona: mtu aliyekusanya vitu vingi kuliko umri wake unavyoweza kuvitumia, akavipanga kwa uzuri, akavipa majina na picha na tarehe, na kila siku akaendelea kuvipanga, je, amepata kitu au amepoteza? Limenijia kwa sababu ya kijana mmoja jirani yangu hapa Nkoroi, baina ya Ongata Rongai na Kiserian, ambaye jioni nyingi, baada ya kurudi kutoka kazini Nairobi kwa Barabara ya Magadi na foleni zake, huketi mbele ya kompyuta na kupanga michezo ya video ya zamani, ile iliyochezwa katika mashine ambazo leo hazitengenezwi tena, na nilipomwuliza, kwa udadisi wa mtu mzima asiye na haraka, ni mchezo gani aliokusudia kuucheza usiku ule, akanijibu bila haya, "Leo sichezi, mwalimu. Leo napanga tu."

Watu wa usuli husema kwamba hukumu juu ya kitu haiwezi kutangulia ufahamu wa kitu chenyewe, basi yafaa kwanza nieleze kazi aifanyayo. Iko programu iitwayo emuleta, ambayo huifanya kompyuta ya leo itende kama mashine ya miaka arobaini iliyopita, ikaufuata mwendo wake hatua kwa hatua. Iko pia faili iitwayo romu, ambayo ni nakala ya yaliyomo ndani ya kaseti ya mchezo, nayo ni ndogo kwa kiasi cha kustaajabisha: Super Mario Bros., mchezo wa mwaka 1985 ulioshughulisha watoto wa dunia nzima, huenea katika kilobaiti 40 hivi, ambazo hazitoshi kubeba picha moja iliyopigwa kwa simu ya kawaida. Juu ya hayo mawili ndipo ikaja programu ya tatu, waiitayo frontendi, kama vile EmulationStation na LaunchBox katika kompyuta au Daijishō katika simu, na hii ndiyo mada yetu; kwani programu hii, ambayo kijana wangu huisifu kuliko zote, haichezi mchezo hata mmoja. Kazi yake ni kupita katika makabrasha, kusoma jina la kila faili au kulipigia faili hilo hesabu ya kulitambulisha, kuyalinganisha yale iliyoyapata na hazina za taarifa zilizoko katika intaneti, kisha kuleta picha ya jalada, jina la mtengenezaji, mwaka wa kutolewa na maelezo ya mistari michache, na kuyaandika yote katika daftari lake. Na mtu achaguapo mchezo, programu hii huiita emuleta inayohusika, huikabidhi anwani ya faili, halafu hujitenga kando mpaka mchezo uishe. RetroArch imefuata njia nyingine kidogo, kwa kuwa huzipakia emuleta ndani ya tumbo lake yenyewe, lakini mbele ya macho ya mtumiaji matokeo ni yale yale: ukuta wa majalada yanayopita kwa kidole, kila moja mahali pake.

Kufikiri kwamba kupanga ni kazi kamili pasi na kucheza si upweke wa kijana mmoja wa Nkoroi. Tarehe 5 Februari 1997 Mwitaliano Nicola Salmoria alitoa toleo la kwanza la MAME, emuleta ya zile mashine kubwa za kuchezea kwa sarafu, na wale walioiendeleza baada yake wamebainisha kwamba kusudi lao ni kuhifadhi habari za jinsi mashine hizo zilivyofanya kazi, na kwamba kule kuchezeka kwa michezo ni hasa ushahidi wa kuwa habari hizo zimehifadhiwa sawasawa. Sikuweza kuyasoma hayo bila kutabasamu. Mchezo, ambao muumba wake aliukusudia uwe furaha ya robo saa, umeitwa barazani kuwa shahidi wa daftari.

Na daftari hilo lina babu yake, ambaye wengi wetu tulimwona kwa macho. Katika miaka ya 1990 michezo hii iliingia nyumba za Nairobi na miji mingine ya Afrika Mashariki, aghalabu si kwa mashine halisi ya Nintendo iliyotolewa Japani tarehe 15 Julai 1983, bali kwa mashine za bei nafuu zilizoiigiza, ambazo watu waliziita kwa mkato TV game. Na pamoja nazo zilikuja kaseti zilizoandikwa usoni kwamba ndani yake mna michezo 9999999. Mtoto alipoichomeka kaseti hiyo alikutana na orodha, ukurasa baada ya ukurasa, namba baada ya namba, na baada ya siku chache za kujaribu akagundua kwamba michezo ya kweli ni michache tu, Battle City yenye vifaru vyake, Contra, Mario, mingine kadhaa, na kwamba iliyobaki ni hiyo hiyo ikirudiwa kwa majina mengine au ikianzia hatua nyingine. Ulikuwa uongo wa biashara, na hakuna fakihi atakayeuhalalisha. Lakini nimepata kujiuliza kama uongo ule haukuwa na huruma fulani iliyojificha ndani yake, kwa sababu ulimwahidi mtoto wingi na kumpa uchache, naye kwa kule kukosa cha kuhamia akaujua mchezo mmoja mpaka akaweza kuupita akiwa amefumba jicho moja. Ilhali daftari la leo limetimiza ahadi yote, likaweka kila mchezo na jina lake la haki, na mwenyewe hana anaoujua hivyo.

Sitarefusha maneno juu ya kumbi za PlayStation zilizofuata, ambazo hata sasa zipo Rongai na Kiserian, ambamo vijana hulipa shilingi chache kwa mechi moja ya mpira na aliyeshindwa humpisha mwingine kitini. Nataja jambo moja tu: ukumbini hapakuwa na kupanga. Palikuwa na mashine, mchezo, foleni ya wanaongoja, na mtu wa kupambana naye.

Ama kuhusu hesabu ya umri, mtu asinitie katika kundi la wazee wanaochukia kila furaha ya vijana, maana mchezo katika asili yake ni mubaha, na nafsi isiyopumzishwa huchoka hata na ibada. Lakini hesabu ni hesabu. Mkusanyo wa michezo elfu kumi si mkubwa kwa watu hawa, na huenea katika kadi isiyozidi ukucha. Tukiupa kila mchezo saa kumi tu, ambazo kwa mingi ni chache, tutahitaji saa laki moja, na mtu mwenye saa mbili za faragha kila siku, asiyeugua wala kusafiri wala kuoa, atamaliza baada ya miaka 137. Kwa nani, basi, inapangwa orodha hii? Abu Hamid al-Ghazali, aliyezaliwa Tus mwaka 1058 na kufariki huko huko mwaka 1111, katika kitabu cha mwisho miongoni mwa vitabu arobaini vya Ihya Ulumiddin, ambacho ni kitabu cha kukumbuka mauti, aliutengea mlango ugonjwa wa matumaini marefu, yaani tabia ya nafsi kujijengea mipango ya kesho na mtondo kana kwamba imepewa hati ya kuishi; na majirani zangu wengi hapa, ambao ni Wakristo, wanalijua jambo hilo hilo kwa mfano wa tajiri wa Injili ya Luka, aliyeazimia kuzibomoa ghala zake ili ajenge kubwa zaidi, ilhali usiku ule ule roho yake ilikuwa inatakiwa. Sioni tofauti kubwa baina ya ghala ile na kadi hii, isipokuwa kwamba kadi haijai upesi, na kwa hiyo haimpi mwenyewe hata ile fursa ya kusimama na kushangaa jinsi alivyorundika.

Na al-Ghazali huyo huyo ana kisa ambacho naona kinatugusa zaidi kuliko mawaidha yake. Inasimuliwa kwamba alipokuwa kijana akirejea Tus kutoka Jurjan, ambako alikuwa ameandika masomo ya mwalimu wake, majambazi wa njiani waliwavamia wakachukua kila kitu. Akamfuata mkubwa wao akimsihi amrudishie karatasi zake, kwani ndani yake mna elimu yake yote aliyoihangaikia. Jambazi alicheka, akamwuliza ni elimu gani hiyo adaiyo kuijua, ikiwa kuchukuliwa kwa mfuko kumemwacha bila elimu, kisha akamrudishia. Al-Ghazali alipofika kwao alijifungia miaka mitatu akihifadhi yote aliyokuwa ameyaandika, ili asije mwizi mwingine akamvua. Wasomaji wengi hukiona kisa hiki kuwa ni sifa ya kuhifadhi kwa moyo. Mimi hukiona pia kuwa ni swali juu ya mahali kitu kinapokaa tunaposema kwamba ni chetu, maana kijana wa Nkoroi, siku kadi yake itakapoharibika, kama kadi zinavyoharibika, ataweza kusema kwamba amepoteza michezo elfu kumi, na mtu mwenye haki ataweza kumjibu kwamba amepoteza ile michache aliyoicheza, tena hata hiyo hakuipoteza, kwa kuwa imo katika vidole vyake.

Ni lazima sasa nimpe nafasi ajitetee, na hoja yake si dhaifu. Alipoona namna nilivyokuwa nikiikunjia uso orodha yake, aliniambia, "Mwalimu, hata maktaba ina vitabu ambavyo hakuna mtu mmoja atakayevimaliza. Mbona hamwiti mwenye maktaba mgonjwa?" Kweli kabisa. Msikiti wa Riyadha wa Lamu una hati za kale za mkono, ambazo zimepigwa picha na kuwekwa katika mradi wa British Library wa kuhifadhi nyaraka zilizo hatarini, na hakuna aliyewahi kudai kwamba wale waliozikusanya walikuwa wakijidanganya kuwa watazisoma zote wenyewe. Kitabu kilichowekwa wakfu hakimtazami mtu mmoja. Kimefungwa kwa mali na kuachiliwa kwa manufaa, na umri kinaoungojea ni umri wa umma, ambao ni mrefu kweli na si tumaini la nafsi. Na haja ya hifadhi katika jambo letu ipo: uchunguzi uliotolewa Julai 2023 na Video Game History Foundation ulionyesha kwamba katika michezo ya zamani iliyotolewa Marekani asilimia 87 haipatikani tena sokoni kwa njia ya halali. Laiti ingekuwa vitabu, tungeuita msiba.

Hapa pana fundo, hata hivyo, ambalo mwanafunzi yeyote wa fikihi atalikuta kwa mkono. Mtu hawezi kuweka wakfu kisicho mali yake. Nia njema haikisafishi kitu kilichochukuliwa, na michezo hii, ingawa imelala, ina wenyewe: haki za Mario ni za Nintendo mpaka leo, nayo mwaka 2018 iliwashtaki huko Marekani watu waliokuwa wakigawa nakala katika tovuti, na hapa kwetu Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inaihesabu programu ya kompyuta kuwa miongoni mwa kazi za fasihi zinazolindwa. Frontendi yenyewe haina hatia, kwani ni daftari tupu. Swali liko katika kinachoandikwa ndani yake. Mtu aliyeinakili kaseti yake mwenyewe kwa matumizi yake ana uso wa kusimama nao, lakini michezo elfu kumi haikutoka katika kabati la mtu mmoja wa Nkoroi, na kijana, ambaye ni mkweli, hakudai hivyo.

Alichodai ni kitu kingine, na kilinishughulisha kuliko yote. Alisema kwamba kitu ambacho mwenyewe amekitupa, hakiuzi wala hakitengenezi wala hamruhusu mtu kukinunua, ni kama ardhi iliyokufa, na kwamba amesikia kutoka kwa rafiki zake Waislamu kuwa mwenye kuihuisha ardhi iliyokufa huwa na haki nayo. Nilifurahi kuona kanuni ya kale ikinukuliwa katika chumba chenye waya nyingi kiasi kile. Lakini nilimwomba aangalie nje ya dirisha kabla hajaendelea. Ardhi tuliyokaa ni ya Kajiado, na historia ya Kajiado ni historia ya watu walioambiwa na wengine kwamba malisho yao hayana mwenyewe kwa sababu hayakulimwa. Kwa mkataba wa mwaka 1904 Wamaasai waliondolewa katika malisho mazuri ya Bonde la Ufa, na kwa mkataba wa 1911 wakaondolewa Laikipia vilevile na kusukumwa katika hifadhi ya kusini. Ole Njogo na wenzake walipoupinga uhamisho huo mahakamani, shauri lao lilitupwa mwaka 1913 kwa hoja kwamba hayo ni mapatano baina ya dola na dola, ambayo mahakama ile haina mamlaka ya kuyaamua. Waliochukua ardhi hawakujiita wanyang'anyi. Walijiita wahuishaji.

Na mafakihi, ambao aghalabu hutajwa kwa ukali wao na mara chache kwa hekima yao, walikwishalifunga pengo hilo zamani, kwani walisharutisha kwamba ardhi inayohuishwa isiwe na mwenyewe ajulikanaye, wala isiwe katika harimu ya makazi ya watu, yaani ile nafasi ya malisho na kuni na mapito ambayo jamii huihitaji hata kama haikuijengea ukuta. Kutotumiwa leo hakukuwa kwao dalili ya kutomilikiwa. Mfugaji huliacha bonde miezi mingi kwa makusudi, ili majani yarudi. Na mimi, mtu wa pwani niliyehamia bara na kununua kiploti hapa Nkoroi, ni nani niseme kwamba bonde lililoachwa lilikuwa limekufa?

Najua mahali hoja yangu inapochechemea, na sitangoja msomaji anioneshe. Aliyechukua bonde la Mmaasai alimhamisha Mmaasai pamoja na ng'ombe wake. Aliyenakili romu hakumhamisha mtu yeyote, na mwenye mchezo amebaki na mchezo wake kama ulivyokuwa. Kwa sababu hiyo siwezi kuyaita mambo hayo mawili dhambi moja, wala sina raha na sheria inayoyachukulia karibu sawa, hasa pale inapolinda vitu ambavyo vinaoza katika ghala za wenyewe. Inanielekea kwamba siku moja patapatikana njia, labda ya maktaba za umma zenye ruhusa maalumu, ambayo kwayo kazi za vijana kama huyu zitakuwa wakfu wa kweli. Lakini mpaka siku hiyo hoja ya maktaba haimfai, kwa kuwa mlango wa maktaba yake hauwezi kufunguliwa hadharani, na maktaba isiyoweza kufunguliwa hurudi kuwa ghala, na ghala hurudi katika lile swali la miaka 137.

Tumerudi, basi, kwa mtu mmoja na jioni zake. Na hapo ndipo nilipogundua kwamba daftari lenyewe linajua zaidi kuliko mwenyewe. Katika EmulationStation habari zote za michezo huandikwa katika faili liitwalo gamelist.xml, ambalo mtu anaweza kulifungua na kulisoma kama maandishi ya kawaida. Na humo, chini ya jina na picha na mwaka, huwekwa mistari miwili zaidi, mmoja wa idadi ya mara ambazo mchezo umechezwa na mmoja wa siku ulipochezwa mwisho. Mchezo ambao haujafunguliwa kamwe hauandikiwi sifuri. Mistari hiyo haipo kabisa, mpaka mkono wa mtu uuanzishe mchezo. Wanazuoni wa tasawufi walimtaka murid kila usiku aifanyie nafsi yake muhasaba, aihesabu siku ilivyopita kama mfanyabiashara ahesabuvyo faida na hasara, na wengi wetu tumeshindwa kwa uvivu au kwa hofu. Programu hii inaufanya muhasaba huo bila kuombwa, wala haina namna ya kupendelea. Nilimwonesha mistari hiyo, naye alikuwa akiijua, lakini hakuwahi kuipanga orodha yake kwa kufuata hiyo. Aliipanga. Ukuta mzima wa majalada ulijigeuza, na juu kabisa yakabaki machache.

Nilitaraji atahuzunika, na nilikuwa nimekwisha kuandaa maneno ya kumliwaza; kumbe akacheka. Miongoni mwa yale machache ya juu, alinieleza, mengi hakuyacheza peke yake. Baba yake, ambaye alikuwa na TV game ya kuigiza katika miaka ile ya 1990, huja kutoka Kiserian baadhi ya Jumapili, na kwa ajili yake kijana amefanya kundi dogo la pembeni lenye Contra na Battle City na mingine mitatu, herufi zake zikiwa kubwa ili mzee asitafute miwani, na kompyuta ikiwashwa siku hiyo hufungulia hapo hapo, bila kupitia orodha kubwa. Katika kazi yake yote, hiyo tu ndiyo sehemu ambayo sikuwa na swali nayo, wala halali yake sikuihoji kwa ukali, kwani kaseti ya zamani ya mzee, ile ya michezo 9999999, bado anayo katika sanduku.